Shule inataka nisaini barua mwanangu achapwe mstarini. Nisaini? (Moshi)

MamaCherehani

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naomba maoni yenu kabla ya Jumatatu maana kichwa kimejaa.

Nina kijana wa miaka 15, kidato cha pili, shule ya serikali ya kutwa hapa Moshi. Shule sitaitaja. Tunakaa Pasua na shule iko upande wa pili wa mji, kwa hiyo anapanda haisi mbili. Darasa la saba alifaulu vizuri tu, na alikuwa mtoto wa kutumwa dukani akarudi na chenji yote. Mwaka huu kabadilika. Yalianza majibu ya mkato. Mara suruali ya shule kaibana kwa fundi (fundi ni mimi mama yake, yeye kaipeleka mtaa wa pili). Mara simu ya dada yake haionekani. Wiki iliyopita nikaitwa shuleni. Mwalimu wa nidhamu akafungua daftari la mahudhurio mbele yangu, nikaona siku alizokosa ni nyingi kuliko alizohudhuria. Na hapa nyumbani kila asubuhi anatoka kavaa sare, kapiga kiwi viatu.

Wenzake wanasema anashinda kwenye banda la dubwi, zile mashine za kamari za sarafu, kavaa fulana juu ya shati la shule. Halafu kuna mwalimu alimjibu ovyo darasani, akamwambia "usinipotezee muda". Hilo ndilo lililowasha moto.

Shule inasema haimfukuzi, ila niandike barua kwa mkono wangu kwamba nimeridhia aadhibiwe mstarini, mbele ya shule nzima, "kwa kadiri shule itakavyoona inafaa". Nisaini, na mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Nisipoandika nimtafutie shule nyingine.

Baba yake ni dereva wa lori, yuko safari ya Zambia. Nilimpata akiwa Tunduma, akanijibu: "Saini, na waambie wakichoka wanisubiri." Mama mkwe yuko Kibosho, anasema apelekwe kwake akakate majani ya ng'ombe mpaka akili imrudie. Shemeji anasema bodingi. Mimi fimbo siipingi, nimekua nayo. Ila hayo maneno "itakavyoona inafaa" yamenikaa kooni. Nishaurini, hasa walimu na wenye vijana wa kiume.

Meku_wa_Uru

Saini mama. Sisi tulichapwa na mwalimu, tukifika nyumbani tunachapwa tena kwa kosa la kuchapwa na mwalimu. Leo tuna familia na tunaheshimika. Siku hizi mwalimu akimgusa mtoto, mzazi anatua shuleni na bodaboda huku anarekodi. Jioni mnalalamika vijana wameharibika. Samaki mkunje angali mbichi.

ChaliiWaKijenge

Meku, kila uzi wa watoto wewe na samaki wako. Maza, usisaini. Mi nilisoma hapa Arusha, nilikuwa mtoro namba moja na nilichapwa kuliko chalii yeyote kidato chetu. Fimbo unaizoea. Tulikuwa tunavaa bukta mbili ndani ya suruali siku tukijua kuna mstari. Ukishachapwa mbele ya madem wa shule nzima hakuna kitu cha kuogopa tena, unakuwa staa.

Wakili_wa_Kijiweni

Tuanze na sheria. Viboko shuleni kwa Tanzania Bara vinaruhusiwa, asikudanganye mtu. Lakini vina kanuni zake za mwaka 2002, Tangazo la Serikali Na. 294. Ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, si kila kosa. Havizidi vinne. Anachapa mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu kwa maandishi. Vinapigwa mkononi, au makalioni nguo ikiwa mwilini. Umri, jinsia na afya ya mtoto vinaangaliwa, na msichana anachapwa na mwalimu wa kike, labda kama shule haina. Na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu: nani, kosa gani, viboko vingapi, kachapa nani, na mkuu anasaini.

Sasa soma tena hiyo barua wanayoitaka. Sahihi yako haiwezi kuhalalisha kiboko cha tano. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, na hakuna mzazi anayeweza kuifuta sheria kwa barua yenye muhuri wa mtaa. Wanachotaka ni ngao. Siku mtoto akiumia, karatasi inatolewa kabatini: mama yake aliridhia.

Andika barua yako mwenyewe. Nimepokea wito, nakiri mtoto ana makosa, niko tayari kushirikiana, adhabu itolewe kwa kufuata kanuni. Peleka nakala mbili, moja wakugongee "imepokelewa", ubaki nayo.

Meku_wa_Uru

Vinne? Vinne ni salamu.

ElimuBoraBweni

Mzazi usihangaike, tunayo nafasi chache kidato cha pili, nidhamu ya hali ya juu, maombi kwa wingi, basi la shule linapita Moshi. Njoo inboksi.

ChaliiWaKijenge

Nafasi chache tangu mwaka juzi haziishi tu.

Ticha_wa_Zamu

Nafundisha sekondari ya serikali huku Arusha. Niwatetee wenzangu kidogo, halafu niwaseme.

Mwalimu wa nidhamu ni mmoja, na bado ana vipindi vyake. Mkondo mmoja una watoto zaidi ya themanini. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamejaa, na hilo ni jambo jema, ila kuwajua kwa majina peke yake inakuchukua muhula. Lile tukio la Bukoba la 2018, mtoto wa darasa la tano kufariki baada ya kuchapwa, kisha mwalimu akahukumiwa kunyongwa, lilituingia sana. Nawajua wakuu wa shule waliotupa fimbo kabisa, na nawajua waliobaki na fimbo wakaanza kukusanya barua za wazazi kama hiyo yako. Wakili kasema kweli, ni ngao.

Sasa mama, umeandika jambo moja kwa haraka ukalipita. Haisi mbili. Mwanao anatoka saa ngapi, anafika getini saa ngapi?

Nauliza kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200. Konda akiona sare anaona siti inayokwenda kwa hasara. Utasikia "denti wawili tu", wengine wanabaki. Mtoto anafika amechelewa, na pale getini kuna mwalimu wa zamu na fimbo yake, hajaidhinishwa na mtu kwa maandishi wala haandiki kitabuni, anachapa foleni nzima. Baada ya hapo wanafyeka mpaka kipindi cha pili. Mtoto wa miaka 15 anajua hesabu hiyo. Nikiingia nimechapwa na somo limenipita. Nisipoingia, hakuna atakayejua mpaka mwalimu wa darasa akae chini na daftari lake. Fimbo ya geti imetengeneza watoro wengi sana kwenye shule zetu, na tukishawatengeneza tunawaita mstarini tuwachape kwa utoro.

Simsafishi, maana kumjibu mwalimu vile ni utovu wa nidhamu. Ila muulize habari ya geti kabla hujamuuliza habari ya dubwi.

MzeeWaMemorial

Mimi niulize la pesa. Dubwi linakula sarafu ya 200. Nauli ya denti ni 200. Kwa hiyo mama unampa mtaji kila asubuhi bila kujua. Ila mia nne za kwenda haziwezi kumshindisha mtu bandani kutwa, zinaliwa dakika mbili. Kuna pesa nyingine. Hapa sokoni tunawaona, wanaanza kwa sarafu, wanahamia kuweka vitu rehani kwa mwenye banda. Hiyo simu ya dada yake usiitafute mbali.

Mama_Watatu_Rombo

Kuhusu bodingi niongee kidogo. Wa kwangu wa pili nilimpeleka bweni mkoa mwingine akiwa na tabia hizi hizi. Alirudi likizo anapiga magoti kusalimia wageni, ukoo mzima ukanisifu. Likizo iliyofuata nikakuta kiberiti na visokoto kwenye soli ya kiatu. Kule alikuwa na usiku mzima wa kufundishana na wenzake na mimi siko. Siwasemi wote, wapo waliopona. Lakini huyu wako bado analala kwako na anakula kwako. Usikimbilie kumtoa.

Bibi wa Kibosho naye asipuuzwe, mpeleke likizo. Majani ya ng'ombe hayajaua mtu.

MamaCherehani

Nimesoma yote, asanteni. Nina ya kusema.

Jana jioni dada yake alikuwa kanisani, nikamkalisha kijana pale karibu na cherehani, sikupiga kelele. Nikamwambia mkoba autoe wote mezani. Kulikuwa na fulana, chanuo, na madaftari. La Fizikia limeandikwa vizuri, kwa rula, mwandiko wa mtoto ninayemjua, mpaka katikati ya sentensi. Baada ya hapo karatasi nyeupe mpaka mwisho. Nikamuuliza hapa ilikuwaje. Kimya kirefu, kisha akasema siku hiyo alichelewa, akachapwa getini, alipoingia mwalimu akamwambia akae nje kwa sababu amechelewa. Kesho yake haisi ikamwacha tena, hakwenda. Na akasema, "Mama, hata nikiwepo naandika tu. Anaongea Kiingereza mpaka kengele inalia." Shule ya msingi alisoma ya kawaida, ya Kiswahili, na hilo mimi sikuwahi kulifikiria.

Nikasema siamini maneno matupu. Leo alfajiri nimejifunga khanga, nimesimama ng'ambo ya kituo asinione. Haisi ya kwanza konda kashusha mtu mmoja, kapakia watu wazima watatu, mwanafunzi mmoja wa kike kaponyoka akaingia, konda kamwambia wangu "denti baadaye", kagonga bati, gari limeondoka. Ya pili haikusimama kabisa, na viti nimeviona vitupu. Ya tatu ndiyo ikambeba, na jua limeshatoka.

MzeeWaMemorial, umepatia. Simu iko kwa mwenye banda, alipewa elfu kumi. Hapo sikuvumilia, nilimtandika kandambili mbili na sijutii.

Meku_wa_Uru

Ya simu hata mimi ningemtandika. Lakini huyo konda ndiye wa kuchapwa mstarini.

Wakili_wa_Kijiweni

Mwenye banda umfuate na mwenyekiti wa mtaa, msiende wanawake peke yenu. Mtu chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari, na kupokea simu rehani kwa mtoto wa shule ni balaa lake yeye. Mwambie airudishe kimya kimya la sivyo unakwenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Ataitoa. Kama kuna mzazi mwingine anasoma hapa na mtoto wake ameumizwa shuleni au popote, namba 116 ya msaada kwa mtoto inapigwa bure.

Ticha_wa_Zamu

Mama umefanya kazi ambayo sisi shuleni hatuwezi kuifanya. Jumatatu nenda na mtu mzima wa kiume wa ukoo kama yupo, si kwa ubabe, ni kwamba ofisi zetu zinasikiliza zaidi hivyo, na naona aibu kulisema. Kaanze na mkuu wa shule, mwalimu wa nidhamu akiwepo. Kijana amwombe radhi yule mwalimu uso kwa uso. Hilo lisikwepwe kwa sababu ya habari za haisi. Mwombe mwalimu wa darasa akupigie siku anapokosekana, siku hiyo hiyo. Na uliza kama shule ina mwalimu wa ushauri nasaha, kwenye karatasi zetu wapo wote, kwa vitendo muulize ni nani.

Kiingereza ni kazi ndefu. Mtafutie kijana wa kidato cha sita aliye likizo amsomee Fizikia na Baiolojia kwa Kiswahili kwanza. Mwisho wa mwaka kuna mtihani wa taifa wa kidato cha pili, akifeli anarudia darasa, na kurudia kwa mtoto wa namna hii ndiyo mlango wa kutokea.

MamaCherehani

Mrejesho. Tumetoka shuleni, nilikwenda na shemeji. Barua yao sikusaini, nikatoa ya kwangu. Mwalimu wa nidhamu alinuna, akasema wazazi wa siku hizi tunasoma sana simu. Mkuu aliisoma taratibu, akaagiza muhuri, akanigongea nakala. Kijana amechapwa viboko viwili mkononi, ofisini, na mkuu kaandika kitabuni nikiona. Mstarini hakupelekwa. Kwa yule mwalimu alipiga magoti bila kuambiwa, mwalimu akamwambia "inuka, kesho uje na daftari". Habari ya geti, mkuu amesema ataizungumza na walimu. Sijui kama ataizungumza. Simu imerudi, kioo kimepasuka.

Kimebaki kimoja. Baba yake anafika Jumamosi na anadhani nimesaini.

ChaliiWaKijenge

Dingi akifika mpe maji ya kuoga, mpe ndizi nyama, alale. Jumapili baada ya ibada ndo umwambie. Usithubutu kumwambia Jumamosi.

Mama_Watatu_Rombo

Na aambiwe na shemeji, nduguye. Wewe kaa jikoni.

Meku_wa_Uru

Mama Cherehani, mpwa wangu ana haisi inayoanzia huko kwenu Pasua. Nimeongea naye. Kijana asimame kituoni saa 12:10, aseme ni wa meku. Atapakiwa, hata akiwa na sare.

MamaCherehani

Mungu akubariki meku. Saa 12:10 kamili au kabla?

Meku_wa_Uru

Kabla. Saa 12:10 gari linaondoka.