Nina milioni 9: ninunue gari gani la kutumia Kigoma na Kasulu?

Mwalimu wa Gungu
Ndugu zangu, habari za jioni. Naishi Gungu, na kila Ijumaa napanda basi kwenda Kasulu kumwangalia mama yangu, ambaye sasa anahitaji kupelekwa hospitali mara kwa mara. Nimeweka akiba ya shilingi milioni 9. Dalali ananionyesha Toyota IST namba C kwa bei inayomaliza fedha yote, na jirani ananishauri niagize Japani. Naomba ushauri wenu.

Mama Katubuka
Mwalimu, pole kwa safari na kwa kumuuguza mama. Kwa fedha hiyo nakusihi usiagize. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo zote zimevuka miaka 10, na gari la umri huo hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato) mtandaoni, jaza aina, mwaka na ukubwa wa injini, uone kodi yake kabla hujatuma hata senti moja. Halafu kuna gharama za bandari, na mafuta ya kulileta kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200.

Usimalize akiba pia. Mimi nilinunua gari la mkononi kwa fedha yangu yote. Mwezi wa pili gia boksi ikafa, na gari likakaa juu ya mawe miezi saba huku watoto wakienda shule kwa miguu. Bado naumia nikikumbuka.

Fundi wa Mwanga
Namuunga mkono Mama Katubuka. Namba C inakuambia gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haikuambii limetunzwaje. IST yenyewe si chaguo baya, kwa sababu injini ya 1NZ ya cc 1,500 iliyomo katika IST nyingi ndiyo iliyomo pia katika Toyota Probox na Raum nyingi, na spea zake hazisumbui.

Nenda alfajiri bila kumpigia muuzaji simu, uguse boneti. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini injini imewashwa mapema, maana ubovu mwingi hujificha injini ikishapata joto. Ikiwa baridi, iwashe ukiwa umesimama nyuma: moshi wa bluu maana yake inakula oili. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye injini. Kisha liendeshe kwenye barabara ya vumbi, usikilize bushi na shokapu. Linganisha namba ya chasi na kadi halisi, wala usikubali nakala, na utazame kama gari linadaiwa faini za barabarani.

Mwalimu wa Gungu
Asanteni sana. Leo saa kumi na mbili asubuhi nimefika kwa muuzaji, na boneti ilikuwa ya moto. Nilipoomba kadi nikapewa nakala, nikaelezwa kwamba halisi imeshikiliwa na mtu aliyemkopesha fedha. Nimeondoka. Mzee mmoja wa Ujiji anauza Probox yake kwa milioni 7, na kadi halisi ameiweka mezani. Fundi, Jumamosi alfajiri utapata nafasi tuende pamoja?

Fundi wa Mwanga
Nitakuwepo, Mwalimu. Mwombe mzee asiliwashe tangu Ijumaa usiku.