Trela inasema yake, afishi inasema yake, tupunguze wapi?

bidon_njano (Goma, Katindo)

Jambo ba yaya na ba grand wote. Tuko wanafunzi wanne, mwaka wa tatu odiovizuali, na tuko na wiki tatu tu mbele ya depo (siku ya kutoa kazi kwa prof). Prof anataka trela (video fupi ya kutangaza filme), afishi (bango), ukurasa wa mbele wa gazeti la sinema (gazeti la kujitungia, si la kweli) alafu kurasa sita za kueleza vile hivi vitu vitatu vinabeba filme moja na watazamaji walisema nini. Filme yenyewe tulishaipiga, dakika 14, iko sawa. Shida ni hii kazi ya kuitangaza.

Hadithi kwa kifupi: binti wa Himbi anaendaka kuchota maji Kituku, kando ya ziwa, kila asubuhi na bidon ya lita 20, ameiweka alama ya verni (rangi ya kupaka) nyekundu kwa mkono wa bidon, kwa sababu zote za njano zinafanana. Siku moja anafika nyumbani, anamimina maji, anasikia kitu kinagonga ndani. Funguo. Anaangalia vizuri, kumbe verni ni ileile lakini bidon haiko yake, hata kifuniko kimezibwa na kipande cha sasheti. Anaanza kutafuta mlango wa ile funguo, na mwishoni tunajua mwenye bidon ni baba yake mwenye aliondokaka zamani, ni yeye alianzishaka ile alama ya verni pale nyumbani.

Sasa trela yetu iko ya dakika 2 na sekunde 40. Inafungua na ziwa kutoka juu (droni ya kuazima), wimbo moja yenye inapigwa sana saa hizi, na sekunde ya 55 sura ya baba inatokea analia. Afishi alitutengenezea rafiki yetu: volkano inatema moto, binti katikati, na bunduki chini kushoto. Kwa filme hakuna bunduki hata moja!! Anasema filme ya Goma bila volkano haiuzi. Na kwa gazeti tuliweka actor wa baba anacheka, amevaa miwani ya jua.

Nilionyesha mama trela akaniambia "nimeishaelewa, mlete ingine". Hakuomba hata kuona filme. Munisaidie.

Ya_Montaji

Mdogo wangu, mama yako ameishamaliza kazi ya prof, umpe pointi zake.

Tuhesabu kwanza. Sekunde 160 kwa filme ya sekunde 840, ni karibu moja ya tano ya filme yote umeishaitoa bure. Hata kule Marekani wenye sinema waliomba mwaka 2014 trela zisipite dakika 2, na hizo ni za filme za saa mbili. Wewe shuka mpaka sekunde 50, ukizidi sana 60.

Alafu baba atoke. Si kupunguza, atoke kabisa, sura, sauti, machozi, vyote. Filme yenu ni swali: hii funguo ni ya mlango gani? Trela iulize swali inyamaze. Nyinyi mumeuliza na mkajibu wenyewe, sasa mtu akuje kufanya nini.

Mi ningefanya hivi, na si lazima mufuate. Giza, sauti ya maji inamiminwa kwa sufuria. Ngo. Maji tena. Ngo, ngo. Hapo ndo picha inafunguka, mkono wa binti ndani ya bidon. Ile sauti ya funguo inagonga plastiki ni mali yenu, hakuna filme ingine iko nayo, na nyinyi mumeifunika na wimbo wa ku-bar! Droni ya ziwa weka kwa mitandao siku ingine, kila mtu hapa iko na droni ya ziwa.

Na kitu kimoja prof ataipenda kwa maandishi. Kuko Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, miaka karibu mia iliyopita alichukua sura ileile ya actor akaiweka kando ya sahani ya supu, kisha kando ya jeneza, kisha kando ya mwanamke, na watu wakaapa actor amebadilisha sura: hapa njaa, hapa uchungu, hapa tamaa. Sura haikubadilika. Sasa chukueni plani (kipande kimoja cha picha) ya binti anageuza kichwa: mukiiweka kisha ya funguo anaogopa, mukiiweka kisha ya mlango anatumaini. Mujaribu zote mbili, muandike kwa nini mulichagua moja. Hiyo ni ukurasa mzima bila kujaza maneno.

Umeme ukienda musikae kimya. Kateni vikaratasi, plani moja karatasi moja, mutandaze chini kwa simenti, mupange na kupangua. Mi trela yangu ya kwanza niliimaliza kwa mishumaa, nikaingia kwa ordinateri saa mbili tu.

afishi_na_bashi

Mi niko upande wa kuprinti miaka saba, ngoja niongee ya karatasi.

Bunduki itoke leo jioni. Mtu akiona bunduki kwa afishi atangoja bunduki, isipokuja atasema mumemuibia. Volkano nayo, mudogo, fikiria nani ataona. Batu ba hapa balikimbia tarehe 22 Mei 2021, na siku chache kisha bakakimbia tena kuelekea Sake na magodoro kwa kichwa. Ukibandika Nyiragongo inatema moto, mtu atasema hiyo ni dokumentaire ya 2021, ama atageuza macho.

Chukua bidon moja. Njano, mkono wa bidon, verni nyekundu, kifuniko cha sasheti. Basi. Njano ile inaonekana hata kwa mtu iko juu ya pikipiki anapita rond-point mbio, na nyekundu kidogo juu yake jicho linaenda pale lenyewe. Alafu ile nyekundu iwe rangi ya jina la filme, kwa afishi, kwa trela na kwa gazeti, erufi zile zile. Sasa ivi uko na erufi tatu za aina tatu, nimeambiwa na macho ya roho lakini najua niko sawa 😄

Kwa printi: A3 ni 297 kwa 420 milimita, ukitaka itoke safi faili iwe 3508 kwa 4961 pikseli. Usiniletee picha yenye ilipita WhatsApp mara tatu, ikipita pale kama picha ya kawaida inakamuliwa, utume kama dokima. Na njano ya ekrani haiko njano ya wino, printi moja kwanza, iangalie inje kwa jua, ndo uprinti zingine. Kuko kijana alinikatalia hiyo ya kujaribu, akaprinti arobaini, bidon (kwake ilikuwa gari) ikatoka rangi ya muharagi.

Na musibandike kwa ukuta wa mawe ya volkano, gundi haishiki, kesho iko kwa mutaro.

Kijana_Birere

Mimi ntakuwa mubaya kidogo. Rafiki wa volkano hakukosea yote. Mtu wa Kinshasa ama wa Lubumbashi akiona bidon tu atajua ni Goma? Bidon iko kila fasi. Mawe meusi, ukungu wa asubuhi Kituku, kitu kimoja cha hapa kiwe kwa picha. Bunduki sawa, itoke.

afishi_na_bashi

@Kijana_Birere mawe meusi nakubali kabisa. Bidon ikae juu ya mawe ya volkano. Hapo volkano iko na haipigi kelele.

Maman_Salle3

Wanangu, nimesomesha hii kozi, na kila mwaka naona maandishi yenye kusema "watazamaji walipenda sana trela yetu". Hiyo haina kazi. Mtu wa hapa ukimuuliza "ilikupendeza?" atakujibu iko muzuri, juu amekulishwa adabu. Musiulize kama ilipendeza.

Fanyeni hivi: onyesha trela mara moja kwa telefone, rudisha telefone mfukoni, alafu uliza. Huyu ni nani? Anatafuta nini? Unafikiri itaisha aje? Uandike maneno yake vile ameyasema, hata kama ni lugha ya Mashi ama Kinande ndani. Kama wote wanajibu ya tatu sawasawa, na ni sawa na filme, trela imevuja. Kama hakuna mwenye anaweza kujibu ya kwanza, mumeficha kupita kiasi. Munataka katikati, ya kwanza na ya pili wajibu haraka, ya tatu wabishane.

Afishi ionyesheni kwa watu WENGINE, wenye hawajaona trela, juu mwenye ameona trela atasoma afishi na akili ya trela. Na musibakie kwa wenzenu wa auditoire, wale wanajua senario tangu mwaka jana. Nendeni Kituku kwenyewe kwa wamama wa maji.

Wimbo ule uondoeni. Hapa kwetu haki ya mtunzi iko na sheria yake tangu 1986, na mukipandisha kwa YouTube mashine yao inatambua wimbo hata sekunde kumi, mapato yanaenda kwa mwenyewe ama video inafungwa. Mumeambiwa hapo juu sauti ya funguo inatosha, mi nasikia hivyo pia.

Ule baba wa miwani kwa gazeti mumeuliza kidogo tu na ni kosa kubwa. Ni yeye siri yenu, na anacheka kwa kava.

bidon_njano

Asanti sana Maman, ba yaya, wote. Nirudi na habari.

Trela sasa sekunde 52. Baba ametoka, kwa gazeti pia, tumeweka binti na funguo kwa meno yake (ilikuwa ajali, mikono ilikuwa na bidon, actress akaiweka kwa meno na picha ikatoka hivyo). Tulionyesha watu kumi na moja. Motari (dereva wa pikipiki) mmoja alisema ni filme ya mwizi wa bidon, tumeandika hivyo hivyo. Wamama wawili wa Kituku walianza kubishana, mmoja anasema funguo ni ya nyumba ya bwana, mwingine anasema hapana, ni ya malle (sanduku) ya marehemu. Kisha yule wa kwanza akatufuata mpaka barabarani: "nyinyi watoto, ule mlango ulifunguka?" Tukakataa kumwambia. Alikasirika kweli, alitaka kututoza maji.

Kwa afishi watu sita, wanne walisema inahusu maji. Hakuna mwenye alisema funguo, juu haionekani, hapo tunafikiri bado.

Imebaki rafiki yetu wa afishi, alinuna siku mbili. Jana amerudi na bidon juu ya mawe meusi, nzuri kabisa. Tukakuza picha tukaona ndani ya kile kipande cha sasheti kwa kifuniko amechora volkano, ndogo kama punje ya mchele, inatoa moshi. Tumemwachia.