Yule msambazaji wetu wa muziki kamwambia baba yangu "nioneshe wewe uko wapi humu"

Wakuu, nimetoka ofisini kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule wa Kariakoo mwenye kiti kikubwa kuliko kitanda cha hospitali ya wilaya, na ukuta mzima picha za wanamuziki marehemu.

Baba alipiga gitaa la rithim bendi za dansi miaka ya 70. Walirekodi RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, wimbo unapigwa mzima mzima, mmoja akikosea wote mnaanza upya. Santuri zilitengenezwa Nairobi, kwetu kiwanda hakikuwepo, na mpaka wa Kenya ulipofungwa 1977 hata njia hiyo ikaziba. Leo nyimbo zilezile jamaa kaziweka mtandaoni, jina lake juu, waliopiga hawamo. Tumeenda kuuliza mirabaha kwa adabu, shikamoo tumetoa.

Akaufungua wimbo kwenye simu, akaiweka mezani. "Mzee, hebu nioneshe wewe uko wapi humu."

UKO WAPI HUMU! Mzee wa watu akanyoosha mkono wa kushoto, akaanza kubana kodi za gitaa kwenye ukingo wa meza, anafuatisha kila badiliko, hakukosa hata moja. Jamaa akamgeukia karani wake wakacheka. Wakacheka!

Hivi kazi ya msambazaji ni nini kama si kujua nani yuko wapi humo? Sheria ya 1999 inaitwa ya Hakimiliki na HAKISHIRIKI. Kwenye hiyo hakishiriki wapigaji wamo. Nchi nzima imeacha nyimbo zake kwenye droo ya mtu asiyejua rithim na solo. Eti uko wapi humu. Nikifa leo andikeni kaburini kilichoniua ni hicho.

Mpiga Besi Mstaafu: Pole kijana, msalimie mzee. Mimi huyohuyo aliniambia besi haisikiki kwenye simu, kwa hiyo sidai kitu.

Kiroba cha Mkaa: Mkataba mnao? Hamna. Basi mnadai kwa shikamoo.

Mleta uzi: Mkataba wa 1974 ungeandikwa na nani? Bendi ilikuwa ya shirika, vyombo vya shirika, mshahara wa shirika. Hilo halimpi ruhusa ya kumcheka mzee usoni. Nioneshe uko wapi humu!

Kiroba cha Mkaa: Umeshalisema mara kumi.

Binti wa Tanga: Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" 1939 kwa kampuni ya Gallo, akapewa shilingi kumi, dunia ikauimba. Familia ilipata suluhu 2006, yeye kafa 1962. Msikate tamaa.

Kiroba cha Mkaa: Kwa hesabu hiyo mzee asubiri akiwa kaburini.

Mwanakwaya: Afadhali nyie wa dansi. Kwaya yetu msambazaji alitulipa kwa katoni za kanda zetu wenyewe, tukauze wenyewe! Nusu zilikuwa za kwaya nyingine.

Mpiga Besi Mstaafu: Hahaha, mliziuza?

Mwanakwaya: Tuliziuza. Watu walizipenda kuliko zetu.

Dereva wa Kimara: Mimi kero yangu ni miito ya simu. Sijaomba wimbo wowote, kila wiki nakatwa salio, na anayenipigia anasikia taarabu. Bosi kanipigia juzi akakata, anadhani kakosea namba.

Binti wa Tanga: Wimbo huo analipwa nani sasa, mwimbaji au mtandao wa simu?

Mleta uzi: Jamani, tunamzungumzia baba yangu hapa.

Mwanakwaya: Tumekusikia mkuu. Dereva, unajitoaje? Mama yangu naye anakatwa.

Dereva wa Kimara: Waliniambia nitume neno ONDOA. Nimetuma, wakaniongezea wimbo wa pili.