Fundi kanitobolea kayaki chini ya usawa wa maji, sasa hapokei simu

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Jumamosi iliyopita nimenusurika ziwani Matema, Ziwa Nyasa, na chanzo ni kazi ya fundi wa hapa Mbeya mjini. Jina lake na duka lake naviacha. Nilimpelekea kayaki yangu ya plastiki, kimtumbwi chembamba cha kupiga kasia, ile ya kukaa juu, pamoja na fishifainda, mashine ya kuonyesha samaki na kina cha maji kwenye skrini, niliyoagiza nje baada ya kujichanga miezi minane. Nikamuuliza mara mbili: umewahi kufunga hii mashine kwenye chombo cha majini? Akanijibu, "Kaka, nimefunga nyingi sana Mwanza, wewe niachie." Nikamwachia. Laki moja na themanini, taslimu.

Transdusa, yaani kile kipande kinachotuma sauti chini na kupokea mwangwi, kakifunga kwa boliti mbili zilizopenya tumbo la kayaki, kisha akaziba kwa silikoni ya vioo vya madirisha. Kayaki ni plastiki ya jamii ile ile ya matangi ya maji tunayoweka juu ya nyumba, na silikoni haishiki pale. Jana nimeivuta kwa kucha, ikabanduka yote kama ganda la ndizi. Na hapakuwa na sababu ya kutoboa hata tundu moja! Sauti inapita kwenye plastiki ya tabaka moja mradi kusiwe na hewa katikati. Unaibandika transdusa kwa ndani, kwenye sakafu, unaibonyeza huku unaizungusha taratibu mpaka mapovu yote yatoke kwenye gundi. Unapoteza nguvu kidogo, na kipimo cha joto la maji hakiwi sahihi sana, basi. Asiyetaka hivyo anaifunga transdusa kwenye mkono wa pembeni wa kushusha na kupandisha.

Umeme ndio balaa kabisa. Kaniwekea betri ya pikipiki, ile ya kujaza asidi, ndani ya dumu lililokatwa. Kayaki inayumba kwa kila wimbi, asidi itakaa vipi? Kaptula yangu ina matundu pajani mpaka leo. Betri ya pikipiki kazi yake ni kupiga stata kwa sekunde chache, si kulisha skrini tangu alfajiri hadi saa sita mchana. Mashine yangu inakula kati ya nusu ampea na ampea moja. Betri kavu ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile ya kengele za ulinzi, ingenifikisha asubuhi karibu yote, ukijua kwamba betri kama hiyo, ya madini ya risasi, hutakiwi kuishusha chini ya nusu ya chaji. Ya lithiamu ni nyepesi zaidi na unaitumia karibu yote, ila inataka chaja yake.

Fyuzi hakuna. Kitabu cha maelekezo kimeandika ampea 3, karibu na ncha chanya ya betri. Yeye kasokota waya kwa vidole, akazungushia selotepu. Selotepu, wakuu, kwenye maji! Nilipoifungua, shaba ya ndani ilishageuka kijani, na hiyo ilikuwa safari yangu ya tatu tu.

Wanaoijua Matema wanajua Milima ya Livingstone inavyotumbukia ziwani. Ukipiga kasia kidogo tu upande ule, tayari uko juu ya kina cha kutisha, na Ziwa Nyasa hili linafika mita 706. Nilikuwa nafuata samaki aina ya mbasa. Skrini ikasoma mita 38, ikaruka mita 4, ikazima. Ikajiwasha, ikazima tena. Nimeinamia waya ndipo nikasikia chombo kizito, nyuma kumedidimia, nikipiga kasia hakigeuki. Tumbo lilikuwa limejaa maji kupitia matundu ya zile boliti, na upepo wa kusini ulishaanza kuinua mawimbi. Mzee mmoja na mwanawe waliokuwa wanarudi na usipa wao, wale dagaa wa ziwa hili, wakanifunga kamba, wakanivuta kwa mtumbwi hadi mchangani. Wakakataa hata shilingi. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mzee wangu, nitakutafuta.

Sasa huyu fundi. Simu ya kwanza kaniambia kifaa changu ni feki. Ya pili, eti nimepita kwenye mawe. Tangu juzi hapokei kabisa. Mimi nina watoto wawili nyumbani. Kama hii kazi hakuijua, angesema tu "kaka, hii sijawahi," ningemshukuru na kwenda kwingine. Nataka hela yangu yote na gharama ya kuziba, na kesho nampelekea kayaki yenyewe mlangoni kwake, juu ya gari, wateja wake wayaone hayo matundu.

Kufunga nitafunga mwenyewe safari hii, betri kavu nimeshanunua. Ninachokosa ni mtu wa kuchomelea plastiki. Anayemjua fundi wa kuziba matangi ya maji yaliyopasuka, awe Mwanjelwa, Uyole au hata Tukuyu, anielekeze. Awe ni mtu mliyeiona kazi yake kwa macho yenu.