Iceland au Lesotho: likizo ya kupanda farasi kwa wanandoa waliovuka miaka 65

MamaMachame: Habari zenu, ndugu. Mimi na mume wangu tumestaafu, na badala ya kufanya sherehe ya miaka 40 ya ndoa tumeamua kwenda nje kupanda farasi kwa juma moja. Tumebaki na nchi mbili, Iceland na Lesotho, na malipo ya awali yanatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Ipi inawafaa watu wa umri wetu?

TabibuMstaafu: Hongereni sana, lakini swali halijibiki jinsi lilivyo. Mna miaka mingapi, mna uzito gani, mmewahi kupanda farasi, mnakwenda mwezi gani, na je, kuna anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda? Hilo la mwisho siliulizi kwa udadisi, kwani mwenye kutumia dawa hizo akianguka na kugonga kichwa, hata kama amevaa kofia ngumu, anaweza kuvuja damu ndani ya fuvu huku akijiona mzima, na huko milimani hospitali haipo karibu.

NjiaYaMaseru: Lesotho. Farasi wa Basotho amekulia kwenye mawe, na ukimlegezea hatamu huchagua mwenyewe pa kukanyaga. Ukilala Semonkong unaweza kupanda hadi maporomoko ya Maletsunyane, yenye urefu wa meta 192, na kurudi siku hiyohiyo kwenye kitanda kilekile.

BabuGothenburg: Naomba niwasimulie yaliyonipata Iceland nikiwa na miaka 68, kwa sababu laiti ningesimuliwa mapema nisingelipa. Kampuni iliniandikia kwamba safari yao inamfaa hata asiye na uzoefu, nami nikaamini. Kumbe ilikuwa safari ya kuhama kila siku, saa tano au sita juu ya tandiko, huku kundi la farasi wasio na wapandaji likikimbia mbele yetu na kila mtu akibadilishiwa farasi njiani. Kila kubadilisha ni kushuka na kupanda upya, na hapakuwa na hata kigoda cha kukanyagia. Mvua ilitupiga ubavuni siku tatu mfululizo. Siku ya nne, tulipofika kambini, nilitoa mguu kwenye kikuku nikashuka, lakini magoti yalikuwa yamekufa ganzi, nikaanguka chali mbele ya vijana wenye umri wa wajukuu zangu. Sikuvunjika, ila siku mbili zilizobaki nilizimaliza ndani ya gari la mizigo pamoja na mpishi. Nilipoomba nirudishiwe sehemu ya fedha, nilijibiwa kwamba umri wangu niliutaja mwenyewe kwenye fomu. Farasi sina ugomvi nao, walikuwa wapole kuliko wenyewe.

MzeeShela: Pole sana, ndugu yangu. Ila msiikatae Iceland kwa ajili ya kampuni moja, maana farasi wao wana mwendo uitwao tölt, ambao mpandaji harushwi juu na chini kama farasi akienda mwendo wa matiti, ule wa kurukaruka nusu mbio. Sisi Lamu tulikuwa na punda wa namna hiyo, na tulisema punda anakwenda telki. Kwa mgongo wa mzee, telki ni rehema.

NjiaYaMaseru: Kwa heshima, mzee wangu, telki ya punda ni mwendo wa haraka tu, ilhali tölt inaweza kufikia kasi ya kukimbia.

MzeeShela: Mwanangu, wewe punda wa Shela umempanda lini?

TabibuMstaafu: Turudi kwa mama, ambaye bado hajajibu.

MamaMachame: Nisameheni, nilikuwa shambani. Mimi nina miaka 66 na nilijifunza kupanda farasi Arusha kwa miaka miwili. Mume wangu ana miaka 71, na mnyama pekee aliyewahi kumpanda ni punda, tena huko huko Lamu. Tunakwenda Septemba. Dawa ni za shinikizo la damu tu. Uzito wake nitauliza.

BabuGothenburg: Septemba Iceland ni mwezi wa kukusanya kondoo kutoka milimani, ni mandhari ya ajabu, lakini baridi na mvua ni zilezile nilizozieleza. Buti zenu za farasi mlizokwisha kuzitumia hamtaruhusiwa kuingia nazo mpaka zisafishwe na kuuliwa vijidudu, kwa kuwa farasi wao hawana kinga ya maradhi ya huku kwetu. Wanalinda mbegu hiyo ya farasi kiasi kwamba farasi akishatoka nchini harudi tena. Mkiamua kwenda, chagueni shamba mtakalolala hapohapo kila usiku.

TabibuMstaafu: Someni pia bima neno kwa neno. Ile ya viza ya Schengen, ambayo ndiyo viza ya kuingilia Iceland, inatakiwa kufikia yuro 30,000, lakini kutimiza kiwango hicho hakumaanishi kwamba inalipia ajali ya farasi, na nyingine zina kikomo cha umri. Halafu farasi wa Iceland ana kilo kama 350. Kwa kanuni inayotumiwa na wengi, kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, hizo ni kilo 70 pamoja na tandiko. Mashamba mengi huruhusu zaidi, ila hutaka kujua uzito wenu mapema.

MamaMachame: Amepima leo dukani. Anasema ni kilo 97, na kwamba mizani ile ni mbovu.

NjiaYaMaseru: Amepima akiwa na viatu?