Mrejesho: Siku moja ya Januari, Kyoto, peke yangu

Wakuu, niliuliza kama siku moja ya baridi inatosha kuzunguka mahekalu ya Kyoto, Japani. Nimerudi, asanteni sana. Uliyenishauri nianze na hekalu la Fushimi Inari alfajiri, Mungu akubariki: pako wazi saa 24, hakuna kiingilio, na nilipanda kati ya malango mekundu nikisikia hatua zangu tu.

Kiyomizu-dera, hekalu la pili, palishajaa watu, sikukaa.

Ryoan-ji, hekalu lenye bustani ya mawe, ndiko nilikoguswa. Wahini, maana Januari wanafunga saa 10:30 jioni. Unavua viatu (soksi nzito, tafadhali!), unakaa ubaoni mbele ya mawe 15 yaliyopangwa hivi kwamba ukikaa popote, moja linajificha. Nilihesabu tena na tena. Kumi na manne.