Corolla 110: maji chini ya kapeti upande wa abiria wa mbele, yanaingilia wapi?

Tegeta110

Wakuu, habari za majukumu. Gari ni Toyota Corolla 110 sedani ya 1998, injini 5A. Kapeti ya mbele kushoto imelowa, ukiikanyaga inatoa maji. Upande wa dereva ni pakavu, nyuma kushoto kuna unyevu kwa mbali. Asubuhi vioo vina ukungu kwa ndani na kuna harufu ya uvundo. AC inapoza vizuri na inatumika kila siku. Kioo cha mbele si kile kilichokuja na gari, kilishabadilishwa. Linalala nje chini ya mwarobaini. Fundi ameshauri tupige silikoni kuzunguka kioo chote. Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

FundiBodi

Mkuu, hiyo silikoni iache kwanza. Silikoni ya kawaida ya dukani, ile yenye harufu ya siki, inatoa asidi inayokula bati, na ikishapita kwenye ukingo wa kioo, gundi halisi ya vioo haishiki tena hapo mpaka ikwanguliwe yote. Tena ukiziba bila kujua maji yanapita wapi, ni rahisi kuziba njia yake ya kutokea.

Hapo pa njia ya kutokea ndipo pa kushika. Tangu kiwandani gari linaingiza maji kila mvua inaponyesha. Yanaingia ndani ya mlango kwa pembeni ya kioo, yanaingia chini ya waipa kwa yale matundu ya plastiki nyeusi, na AC inatengeneza yake. Kila sehemu imewekewa tundu la kuyatoa. Kwenye gari la umri huu, kabla hujalaumu raba, tafuta tundu lililoziba.

Anza kwa kufunua. Chomoa waya wa hasi wa betri, fungua siti ya abiria (bolti nne, spana namba 14), vuta juu plastiki ya kizingiti cha mlango, toa na ile ya pembeni pa miguu, kisha inua kapeti. Chini yake kuna tabaka nene la manyoya ya kuzuia kelele. Hilo linabeba lita kadhaa, na ndiyo maana kwa juu unaweza kuona unyevu tu kumbe chini ni dimbwi.

Usifute haraka, yatazame kwanza maji yenyewe. Yakiwa safi na hayana harufu, ni ya mvua au ya AC. Yakiteleza kati ya vidole, yana rangi na harufu tamu, ni kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) inayovuja kwenye hita, kile kipasha joto cha ndani kinachopitisha maji ya rejeta, na kioo cha mbele utakikuta na utando kama wa mafuta kwa ndani. Yakiwa ya kahawia yenye kutu, hita bado ni mshukiwa, maana magari mengi huku yanatembea na maji matupu kwenye rejeta. Yakiwa na tope au mchanga, yameingilia chini: kuna vizibo vya mpira sakafuni, na gari likipita kwenye maji ya mafuriko kama yale ya Jangwani, Dar es Salaam, kizibo kilichokakamaa hakizuii kitu.

Baada ya hapo futa, kausha kabisa, na nyunyiza poda ya mtoto kwenye bati kuanzia chini ya dashibodi hadi sakafuni. Maji yakishuka yanaacha mchirizi kwenye poda, nawe unaufuata kwenda juu. Usiamini dimbwi, kwa sababu maji hukaa palipo chini, na gari likiegeshwa kwenye mteremko au ukifunga breki yanahama.

Fanya jaribio la AC peke yake kwanza, kukiwa hakuna mvua. La kumwagia gari maji kwa bomba lifuate siku nyingine. Ukiyachanganya hutajua kipi kimekupa jibu.

BarafuAC

Naongezea kwenye AC. Gari lenye usukani wa kulia kama hili, evapureta, yaani kile kipande cha AC kinachopoza hewa, iko nyuma ya droo ya dashibodi, yaani juu kabisa ya hapo palipolowa. Kwa joto na unyevu wa Pwani inaweza kutoa kama lita moja ya maji kwa saa. Yote yanatoka kwa mpira mmoja mwembamba unaopenya ukuta wa injini, ule unaotenganisha injini na ndani ya gari, upande wa kushoto.

Rudisha betri, washa AC feni ikiwa juu, mzunguko wa ndani, gari limesimama dakika 20. Chungulia chini nyuma ya tairi la mbele kushoto. Lazima maji yadondoke, tena mfululizo. Kama pakavu, mpira umeziba. Kama yanadondoka nje na ndani poda nayo imelowa, mpira umechomoka kwenye boksi lake au boksi lina ufa.

Kuzibua: ingiza kwa chini uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia majani, wa milimita 2 au 3, uuzungushe taratibu. Usitumie waya wa chuma, ukifika kwenye evapureta unaitoboa na gesi yote inaondoka. Upepo wa kompresa nao uuepuke, presha inachomoa mpira kwa ndani na sasa maji yote yanamwagika kwenye kapeti.

Kama ni hita, kiwango cha maji ya rejeta kitakuwa kinashuka. Kwa muda unaweza kuunganisha ile mipira miwili inayoingia ukuta wa injini kwa kipande cha bomba la shaba na klampu mbili. Kwenye magari haya kipenyo cha ndani cha mipira kwa kawaida ni milimita 16, lakini pima kwanza. Fanya injini ikiwa imepoa.

Tegeta110

Asanteni sana. Maji ni safi, hayana harufu, rejeta haipungui. AC imewashwa dakika 20, inadondoka vizuri chini ya gari na poda ni kavu. Hilo la bomba nalifanyaje kwa mpangilio?

FundiBodi

Vizuri, AC na hita si washukiwa tena. Kwa bomba unahitaji mtu wa pili ndani, amefunga milango, ana tochi na amefungua droo ya dashibodi. Maji yatoke kwa upole bila kubana mdomo wa mpira. Mashine ya kuoshea magari usiitumie kabisa, inasukuma maji pasipoweza kupita mvua yoyote na itakupoteza.

Panda kutoka chini kwenda juu: kwanza magurudumu na vizingiti, kisha nusu ya chini ya mlango, kisha kioo cha mlango, kisha chini ya waipa, kisha kioo cha mbele, mwisho paa. Kila sehemu dakika tano mpaka kumi, usihame kabla. Ukianza juu, maji yanateremka sehemu zote kwa pamoja na jaribio limekufa.

Ukifika chini ya waipa, badala ya bomba chukua ndoo. Mimina lita tano, nusu kushoto nusu kulia. Maji yanatakiwa yatoke mara moja nyuma ya matairi yote mawili ya mbele, kwa kasi ileile. Kwa gari linalolala chini ya mwarobaini mimi ningeanza kushuku hapo, vijani vyake ni vidogo, vinapita kwenye matundu ya ile plastiki kirahisi.

Tegeta110

Milango ya mbele na vizingiti: pakavu. Ndoo: kulia maji yametoka palepale, kushoto yanachuruzika. Baada ya dakika kama mbili mchirizi umeonekana kwenye poda, unaanzia chini ya boksi la feni.

FundiBodi

Basi umelipata. Chini ya waipa kuna kama beseni la bati, na upande wa kushoto ndipo feni inapovutia hewa ya nje. Tundu hilo la hewa lina ukingo uliosimama ili maji yasiingie. Njia ya kutokea ikiziba, maji yanapanda, yanavuka ukingo, yanashukia kwenye feni na kutua kwenye kapeti. Usichelewe, feni itaunguza mota, na kwenye magari mengi ya Japani kompyuta ya injini iko jirani na hapo.

Fungua nati za mikono ya waipa (namba 12 au 14), uweke alama mikono ilipokaa, toa klipu za plastiki nyeusi na uinue. Zoa majani kwa mkono. Ule udongo mweusi wa chini usiusukume kwa maji, utakwenda kukaba zaidi, uuchote kwa kijiko. Kisha toa tairi la mbele kushoto na plastiki ya ndani ya madigadi. Maji ya beseni yanashukia humo, na kati ya madigadi na kizingiti utakuta furushi jingine la majani yaliyolowa na kugeuka mboji. Hilo ndilo linalotoboa vizingiti kwa kutu, kwa hiyo lisafishe hata kama maji yanapita. Rudia ndoo mpaka kushoto kuwe sawa na kulia. Ukirudisha plastiki, gundisha wavu mwembamba wa dirishani chini ya matundu.

Sasa malizia kioo cha mbele na paa, usiishie hapa. Gari la zamani linaweza kuvuja sehemu mbili kwa wakati mmoja.

RabaNaVioo

Kioo kikibainika kinavuja, dawa ni kukitoa na kukibandika upya kwa yurethani, ile gundi halisi ya vioo. Fundi anakata gundi ya zamani na kubakiza tabaka la kama milimita moja kama msingi, anakwangua kutu, anapaka praima kwenye bati lililo wazi na kuiacha ikauke. Gundi ipigwe kwa umbo la pembetatu, urefu milimita 10 hadi 12, bila kukatika. Andaa mirija miwili ya mililita 310. Kioo kiwekwe ndani ya dakika kama 10, kabla gundi haijafanya ngozi. Kikishakaa acha dirisha moja wazi kidogo siku ya kwanza, maana mlango ukifungwa kwa nguvu hewa inakisukuma kioo na kufungua njia ya maji.

Huo unyevu wa nyuma kushoto unaweza kuwa umetiririka kutoka mbele, lakini ukague mlango wa nyuma. Ukitoa paneli utakuta karatasi ya nailoni. Kazi yake ni kuyarudisha maji ndani ya mlango yatokee matundu ya chini. Aliyewahi kuweka spika au kutengeneza kioo mara nyingi anaichana au anairudisha bila gundi. Kata nyingine kwenye nailoni nene ya ujenzi, ibandike kwa utepe wa butili, ile gundi nyeusi isiyokauka, na ncha ya chini iingie ndani ya mlango, isining'inie nje. Mkono wa kioo kama ni wa kuzungusha, pitisha kitambaa nyuma yake na ukivute huku na huku, klipu itaruka.

Inua na kapeti ya buti uangalie shimo la tairi la akiba. Likiwa na maji, mara nyingi ni sponji za kuzuia maji kwenye taa za nyuma.

Tegeta110

Kioo na paa vipo salama, dakika kumi kila upande na hakuna tone. Mlango wa nyuma kushoto nailoni imekatwa duara kwenye spika. Buti ni kavu. Kapeti naikaushaje?

FundiBodi

Itoe yote nje. Ile ya kuzuia kelele kama haijashikana na kapeti ikaushwe peke yake, imegeuzwa, juani siku mbili au tatu. Ukiminya katikati na gazeti likalowa, bado. Kwenye sakafu, kutu ipige brashi ya waya na msasa namba 80, epoksi praima, sila ya bodi (dawa ya kuziba) kwenye viungo vya bati, kisha rangi. Vizibo vya mpira vilivyopasuka badilisha, na usiache hata tundu moja bila kizibo. Kapeti irudi baada ya kumwaga ndoo mara ya mwisho na poda ikabaki nyeupe.